John Carrington, aliyejifunza lugha ya lokole Yakusu

Leo tunawasimulia maisha ya John Carrington. Alizaliwa Uingereza na alikufa Uingereza, lakini kazi ya maisha yake aliifanya huku kwetu, kwenye mto, karibu na Kisangani. Hakuwa askari wala mtu wa siasa. Alikuwa misionere, mwalimu na mtu wa kupenda mimea. Jambo lililomjulisha ulimwenguni ni moja: alisikiliza lokole kwa makini, akaandika namna gogo lililochimbwa tumbo linavyoweza kusema na watu, na namna kila mmoja anavyotambua kwamba ni yeye anayeitwa.

Mtu atauliza: hayo yanatuhusu nini sisi wenye telefone mfukoni? Yanatuhusu sana. Antene iliyo juu ya mlima na lokole iliyo kando ya mto zina shida ileile: hewa ni moja, wenye kusema ni wengi, makelele hayaishi, na ujumbe lazima ufike kwa mwenyewe. Walokele waliipatia shida hiyo dawa zamani, kabla ya mainjinia. Njo maana tunataka kueleza maisha ya huyu mtu polepole.

Kijana wa Rushden

Carrington alizaliwa tarehe 21 Machi 1914 kule Rushden, mji wa mafundi wa viatu katika mkoa wa Northamptonshire. Mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 24, shirika la Baptist Missionary Society lilimtuma Kongo ya Wabelgiji. Alifika Yakusu, kwenye ukingo wa mto, safari fupi kwa pirogi chini ya Stanleyville, mji ambao tangu 1966 tunauita Kisangani.

Yakusu ilikuwa na misioni, shule na hospitali. Wenyeji wa pale ni Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mto, ambao vijiji vyao vimepangwa kandokando ya maji kuelekea Isangi. Katika kila kijiji kulikuwa na lokole: gogo la mti mgumu, limechimbwa ndani, limeachiwa ufa mrefu juu yake.

Wazungu walikuwa wameisikia ile ngoma tangu zamani. Stanley aliposhuka mto huu mwaka 1877, aliandika kwamba watu wa visiwa vya maporomoko wanazungumza kwa ngoma kubwa, na kwamba wanaelewana kama kwa mdomo. Lakini wengi waliokuja nyuma yake walidhani ni ishara chache tu, mlio mmoja wa vita na mwingine wa matanga, kama kengele ya kanisa au filimbi ya bato.

Carrington naye angeweza kubaki na mawazo hayo. Kilichomwamsha ni safari moja ya ghafula. Aliondoka kwenda kijiji cha Yaongama bila kutuma barua wala mtu. Alipofika, alimkuta mwalimu, msaidizi wa hospitali na wakristo wa pale wamekusanyika wanamngoja. Aliuliza wamejuaje. Kumbe lokole ilikuwa imewaambia. Haikuwaambia tu kwamba kuko mgeni. Iliwaambia ni mgeni gani na anatokea wapi. Tangu siku hiyo aliamua kujifunza, na walimu wake walikuwa wapigaji wenyewe.

Sauti mbili tu

Lokole ina midomo miwili kwenye ule ufa. Mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine sauti ya chini. Walokele wanaziita sauti ya kiume na sauti ya kike. Basi, ni hizo mbili tu. Hakuna a, hakuna b, hakuna m. Je, mtu atasemaje na sauti mbili?

Jibu liko katika lugha yenyewe. Katika lugha ya Walokele, kama katika Kilingala na lugha nyingine nyingi za msitu wetu, kupanda na kushuka kwa sauti kunabadilisha maana. Carrington alipenda kuonyesha neno lisaka. Ukilisema lote chini, ni dimbwi la maji. Ukipandisha silabi ya mwisho, ni ahadi. Ukipandisha silabi mbili za mwisho, ni sumu. Kuko hata sentensi moja ambayo ukiitamka vizuri inasema mtu alikuwa anaangalia ukingo wa mto, na ukikosea sauti, inasema alimchemsha mama mkwe wake. Mzungu mgeni alipaswa kuchunga ulimi kabisa!

Lokole inachukua ule mpando na mshuko wa sauti, na kuacha herufi zote njiani. Hapo njo shida inapozaliwa. Neno la mwezi lina sauti mbili za juu. Neno la kuku nalo lina sauti mbili za juu. Kuko samaki mmoja ambaye jina lake pia ni sauti mbili za juu. Mpigaji akipiga mara mbili juu, msikilizaji wa ng'ambo atajua kweli ni mwezi, ni kuku, au ni samaki?

Dawa ya Walokele ilikuwa kurefusha. Mpigaji hasemi mwezi peke yake. Anasema mwezi ule unaotazama dunia kutoka juu. Hasemi kuku peke yake. Anasema kuku yule mdogo mwenye kulia kiokio. Maneno haya ya kuongezwa hayabuniwi kila siku. Yametulia, ni urithi wa wazee, na kila sikio la kijiji linayajua. Yakianza, msikilizaji amekwisha kuujua mwisho wake. Hata upepo ukila pigo mbili, hata mvua ikifunika kipande, maana inabaki.

Carrington alihesabu, akaona kwamba kwa neno moja la mdomo, lokole inatumia maneno kama manane. Wazungu wengi walifikiri ni mapambo, au ni uvivu wa kufika kwenye habari. Yeye alielewa kwamba yale maneno ya ziada njo kinga ya ujumbe. Ukiyaondoa, unabaki na makelele.

Jina lenye vipande vitatu

Sasa tufike kwenye jambo lenye kutugusa zaidi. Lokole haina waya wa kupeleka sauti kwa mtu mmoja. Ikipigwa, wote wanasikia: mwenye ujumbe, jirani yake, adui yake, na vijiji vya ng'ambo. Na vijiji hivyo navyo vina lokole zao. Usiku, wakati hewa imetulia na maji yanabeba sauti mbali, milio ya sehemu nyingi inaweza kufika kwenye sikio moja. Mtu atajuaje kwamba ni yeye anayeitwa?

Carrington aliandika kwamba kila mtu alikuwa na jina la lokole, na jina hilo lilikuwa na vipande vitatu. Cha kwanza ni jina lake mwenyewe. Cha pili ni jina la baba yake. Cha tatu ni kijiji cha mama yake. Kwa vipande hivyo vitatu, ilikuwa vigumu watu wawili wachanganyike. Mvuvi aliyeko katikati ya mto hakuwa na haja ya kufuata kila ngoma. Aliendelea kutega nyavu. Lakini jina lake likipita ndani ya ule mchanganyiko, sikio linasimama, kwa sababu limelizoea umbo lake tangu utoto. Milio mingine inabaki nyuma kama mvumo wa maji.

Yaliyoandikwa Ulaya na Marekani

Mwaka 1949 Carrington alitoa kazi mbili juu ya mambo haya: uchunguzi wa kitaalamu wa lugha za lokole za Afrika ya kati, uliochapwa Bruxelles, na kitabu kidogo cha watu wote, Talking Drums of Africa, kilichochapwa London. Kitabu hicho kidogo kilisafiri mbali.

Angalieni tarehe. Mwaka mmoja mbele, 1948, Claude Shannon, injinia wa maabara za simu za Bell kule Marekani, alikuwa ametoa hesabu zake maarufu juu ya habari na makelele. Alionyesha kwamba hata njia ya simu ikiwa na makelele, inawezekana kupitisha ujumbe karibu bila kosa, kama hupiti kipimo cha njia hiyo na kama unaongeza ziada iliyopangwa vizuri. Hesabu hiyo iko chini ya kila telefone ya leo. Mafundi wa Yakusu hawakuwa na hesabu hiyo kwenye karatasi. Walikuwa nayo mikononi na masikioni.

Antene nayo inaitana kwa jina

Tuchukue telefone ya leo. Siku ya soko, watu wengi wanapiga kwa wakati mmoja kupitia antene moja. Mawimbi yao yote yanaingia kwenye chuma kilekile. Mainjinia wana njia mbalimbali za kuwatenganisha. Katika rezo ya kizazi cha pili, ile ya telefone ndogo za vitufe, wimbi moja linagawanywa kwa zamu 8. Kila telefone inasema kwa nukta ndogo sana, inanyamaza, inangoja zamu irudi. Ni haraka mno, sisi hatuhisi.

Katika kizazi cha tatu, watu wanaachiwa kusema wote pamoja juu ya wimbi moja. Hapo njo tunakuta lokole tena. Kila telefone inapewa kode yake, mfuatano mrefu wa alama za juu na chini. Kila kipande kidogo cha habari hakitumwi kifupi. Kinanyoshwa juu ya kode hiyo, na kinaweza kufika alama 256 kwa kipande kimoja tu. Walokele walinyosha neno mara nane, mashine inanyosha zaidi, lakini sababu ni moja. Antene inachukua ule mchanganyiko na kuupima na kode ya telefone yako. Sauti yako inajikusanya na kupanda. Sauti za wengine, kwa sababu kode zao ni tofauti, zinabaki mvumo wa nyuma.

Bado kuko shida mbili. Ya kwanza ni ya aliye karibu na aliye mbali. Telefone iliyo chini ya antene inafika kwa nguvu, ile ya kilomita nyingi inafika imechoka. Bila amri, wa karibu atamfunika wa mbali. Kwa hiyo antene inaituma kila telefone amri ya kupunguza au kuongeza nguvu, mara 1500 kwa sekunde moja. Ya pili ni ule mvumo uliobaki. Mainjinia walipata ujanja: antene inaanza na mwenye sauti kubwa, inamtambua, inaiumba upya sauti yake jinsi ilivyoingia, kisha inaitoa kwenye mchanganyiko. Baada ya hapo inaweza kumsikia mdogo aliyekuwa nyuma yake. Hawasemi tena kwamba sauti ya jirani ni makelele tu. Wanasema: nikimjua jirani vizuri, nitaweza kumweka pembeni. Mvuvi wa Lokele, ambaye alikuwa anajua majina ya lokole ya majirani zake, angeelewa haraka sana.

Yalemba, mke wake na hadithi ya kijiji

Turudi kwa Carrington. Katika miaka ya 1950 alikuwa anaongoza shule ya misioni Yalemba, chini zaidi ya mto. Mgeni mmoja kutoka Marekani aliyemtembelea mwaka 1954 alimkuta bado anaingia msituni kila siku kutazama mimea yake. Saa ya chakula ikifika, mke wake hakutuma mtoto kumtafuta. Alipiga lokole, akimwita kwa jina lake la lokole, naye akarudi nyumbani.

Wenyeji walikuwa na maelezo yao juu ya mzungu mwenye masikio kama hayo. Walisema huyu si mtu wa Ulaya. Zamani alikuwa mtoto wa kijiji chao. Alipokufa, roho zilikosea njia, zikamzalisha mbali, kwa wazungu. Lakini damu haikusahau, na njo maana amerudi. Tena waliongeza kwamba akikosea kidogo katika kupiga, asamehewe, kwa sababu ya elimu duni aliyopewa na wale wazungu. Katika mambo yote aliyoambiwa maishani, hatudhani kuko sifa iliyozidi hiyo.

Lakini sisi tunapomsifu, tusisahau: elimu ilikuwa ya mafundi wa Walokele. Carrington hakuvumbua lokole. Alikubali kukaa chini kama mwanafunzi, jambo ambalo wazungu wengi wa wakati wa ukoloni hawakulikubali mbele ya mtu mweusi. Kisha akaandika, ili yasipotee.

Na yalikuwa yameanza kupotea. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 aliona kwamba vijana wachache tu wanajifunza kupiga. Wenye kusoma shule waliona ni mambo ya wazee. Mtoto asiye na jina la lokole hawezi kuitwa, na kijiji ambacho watoto hawana majina hayo, ngoma yake inakuwa ya kuchezea tu.

Miaka ya Kisangani na mwisho wake

Baada ya uhuru Carrington hakuondoka kwetu. Alifundisha katika chuo kikuu cha Kisangani, kilichofunguliwa na Waprotestanti mwaka 1963 kwa jina la Université Libre du Congo. Mwaka 1974 kitabu chake La voix des tambours kilitoka Kinshasa kwa Kifaransa, kwa hiyo Wakongo wenyewe waliweza kusoma habari ya lokole yao bila kungoja Kiingereza. Baadaye alirudi Uingereza, akafa huko tarehe 24 Desemba 1992, akiwa na umri wa miaka 78.

Wakati anakufa, telefone za mkononi zilikuwa zimekwisha kuingia Kinshasa, mikononi mwa watajiri. Miaka michache nyuma yake zikafika kwa watu wote. Vijiji vingi vya mto havikuona hata siku moja waya wa simu. Vilitoka kwenye lokole, vikaruka moja kwa moja mpaka kwenye telefone.

Linalobaki kwetu wa migodi

Ndugu zetu wachimbaji, telefone hiyo ina kazi yenu ndani yake. Tantali ya koltani iko katika vile vidude vidogo vinavyotuliza umeme wake, na dhahabu iko kwenye viungo vyake. Lakini chini ya ardhi telefone haitusaidii. Wimbi la redio halipenyi mwamba. Katika migodi mikubwa wanapitisha ndani ya mahandaki waya wa namna ya pekee, wenye matundu, ili wimbi livuje kidogo kidogo njia nzima. Katika kariere zetu, wengi wana kamba na mdomo tu. Na juu ya shimo, mara nyingi rezo haiko, au iko nusu.

Hapo njo Walokele wanatufundisha. Fikirini habari inayotoka kwenye kariere kwenda kambini: shimo limebomoka, Jean yuko ndani. Sauti inakatika. Kambini kuko akina Jean wangapi? Wamama watano watatupa sufuria chini na kukimbia, na yule mwenye mtoto wake ndani labda hatajua mpaka jioni. Neno fupi lilitumwa, makelele yakalifunika, na kilichofika ni sumu mahali pa ahadi.

Basi tunaomba mambo machache, wala hayana bei. Kiongozi wa timu aandike kwenye daftari, juu, mahali pakavu, kila anayeshuka: jina lake, jina la baba yake, kijiji cha mama yake, na namba ya telefone ya nyumbani. Anayetoa habari mbaya au nzuri ataje vyote, halafu arudie, hata kama anaona amesikika. Anayepokea aseme tena alichosikia. Rezo ikiwa dhaifu, tuma maandishi kuliko kupiga: ujumbe wa maandishi ni mdogo, rezo inauweka na kujaribu tena kuupeleka, lakini sauti iliyokatika hairudi. Na alama za kamba, mvuto mmoja ni nini, miwili ni nini, mitatu ni nini, zikubaliwe na wote kabla mtu wa kwanza hajaingia, tena zifundishwe kwa kila mgeni siku yake ya kwanza, kwa sababu alama ambayo mmoja hajui haiko alama.

Vijana watasema ni maneno mengi kwa habari ndogo. Wazungu nao walisema hivyo juu ya lokole, mpaka Carrington alipohesabu. Jina, baba, kijiji cha mama: kwa mpangilio huo, mvuvi wa Yakusu aliitwa katikati ya mto usiku, akajua ni yeye, akageuza pirogi yake kuelekea nyumbani.